Aliyetolewa Tangini

Mlango wa tribinali ulikuwa umefungwa kwa komeo kutoka ndani, kwa ajili ya askari waliokuwa wakipita mbio barabarani, na Modeste hakupenda chumba kilichofungwa. Jasho lilimtoka mpaka kwenye vifundo vya vidole. Kama si kwa ajili ya Norbert, mdogo wake, angekuwa ameshatoka kwa dirisha.

Leo ndiyo leo. Karani Jean-Berchmans alikuwa amewaeleza wazi: waasi wamekata barabara ya tambarare ya Ruzizi, na saa sita jaji anapanda boti kwenda ng'ambo ya ziwa. Kesi isiyoamuliwa kabla ya hapo, basi tena. Modeste alikuja kumsemea Norbert, na aliapa moyoni kwamba hatoki humo bila fidia.

Karani huyo alimwita kwa jina kabla hajajitaja, akamwekea maji ya kunywa. Kumbe serikalini bado wamo watu wenye adabu, Modeste akawaza. Jaji naye alimshangaza. Alitazamia kumkuta mzungu, akamkuta kijana wa Kikongo mwenye miwani, akashukuru kimyakimya.

Anne-Marie, mkewe, alikaa ubavuni mwake, amemshika mkono wa shati na hauachii. Njiani kutoka nyumbani kwao Rugenge, Modeste alimwuliza kwa nini watu wamejitwika magodoro, naye akajibu neno moja tu: vita. Siku hizi mwanamke huyu alikuwa mkavu. Modeste alimsamehe, maana kesi ndefu humchosha mtu yeyote.

Avoka, wakili wa kiwanda walikofanya kazi ndugu hao wawili, alisimama. Alikuwa na maneno laini na viatu vya kung'aa, na Modeste alivichukia vyote viwili. Mtu huyo hakubisha habari ya kamba. Kamba ya kumfungia mtu anayeshuka ndani ya tangi la mafuta ya pamba ilichukuliwa na kapita, msimamizi wao wa kazi, ili atundikie vibendera vya sikukuu ya uhuru, na kiwanda kizima kilijua. Wala hakubisha barua ya daktari, iliyosema kwamba mtu akikosa hewa kwa dakika chache anaweza kutoka na moyo unaopiga, huku sehemu ya ubongo imekufa. Alibisha jambo moja tu.

"Barua ni barua," alisema. "Muntu wa kuharibika akili, iko wapi? Minye simuone humu."

Modeste alichemka. Alisimama bila kuitwa. Jaji akanyoosha mkono kumkalisha, lakini Anne-Marie naye aliinuka.

"Bwana jaji, mumuache aseme," alisema. "Nakuomba. Mumusikie mpaka mwisho."

Modeste akasema, tena akasema vizuri, bila kutafuta maneno. Alieleza jinsi Norbert alivyoshuka kusugua matope ya mafuta, akaita mara mbili, kisha kimya. Wenzao walipiga kelele kwamba bomba la chini lifunguliwe kwanza ili hewa ipite. Maneno ya busara, lakini pale kwao ni nani angesimama juu ya tangi, mikono kiunoni, akingoja bomba na huku ndugu wa tumbo moja yuko chini? Modeste alivua viatu akashuka. Alimkuta Norbert amelala kifudifudi, akampitisha mkono kwapani.

Hapo alisita, akatazama dari.

"Kisha?" jaji akauliza.

"Kisha tukatoka," Modeste akasema.

Akaendelea kueleza maisha ya Norbert ya siku hizi, nayo yalimuuma hata kuyataja. Norbert anashinda juu ya mkeka. Ukimwambia jambo asubuhi, adhuhuri halimo tena kichwani. Anauliza lile lile mpaka majirani wanamkwepa. Mara mbili alitoroka, akaokotwa langoni pa kiwanda akingoja zamu yake, na tangu hapo anafungiwa mlango kwa nje. Kijana mzima, mwenye nguvu za kubeba magunia mawili, anafungiwa ndani kama mbuzi. Je, kampuni haioni aibu?

Anne-Marie alikuwa ameinamisha kichwa. Avoka alitabasamu na kumwambia jaji kwamba shahidi huyu anaeleza mambo vizuri kuliko mawakili wa Bukavu, na kwamba yeye hana la kuongeza. Nje mlio wa bunduki ulisikika upande wa Nyamianda, kisha wa pili. Jaji alitazama saa yake.

"Modeste," alisema taratibu, "weye ulimuona Norbert lini mara ya mwisho?"

"Leo asubuhi, bwana jaji. Iko ku nyumba."

"Na sikukuu ya uhuru, itakuwa lini?"

Modeste aliona anachezewa, lakini huyu ndiye aliyeshika fidia ya mdogo wake mkononi, basi akajibu kwa heshima. "Ni hii Alhamisi yenye inakuya, bwana jaji. Vibendera biko tayari."

Tabasamu la avoka lilitoweka. Jaji alivua miwani, akamgeukia karani.

"Andika," alisema. "Norbert alikufa mu tangi wakati wa uhuru, miaka ine sasa, na balimuzika siku ile ile. Mwenye balitoa muzima njo huyu mukubwa wake, muntu wa kuharibika akili, na fidia ni yake. Tribinali imemuona mugonjwa na macho yake."

Modeste alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyepata habari za msiba sasa hivi, na Anne-Marie akampangusa uso kwa ncha ya kitenge. Kabla wino haujakauka Modeste alikuwa amesimama tena, akimwomba jaji ruhusa ya kumsemea mdogo wake.