Aliyemjia Bibi Akipumzika

Babu yake alikuwa mpima ardhi ambaye mipaka yake haikubishaniwa na mtu. Baba yake alikuwa hakimu asiyepokea hata kikombe cha chai kutoka kwa mwenye kesi. Yeye mwenyewe aliongoza shule mpaka alipostaafu, na mtaa mzima bado ulimwita Mwalimu Mkuu. Mtu wa ukoo huo hakupaswa kukutwa ameegemeza sikio kwenye mlango wa maabara. Lakini ndivyo mjukuu wake alivyomkuta.

"Babu! Unasikiliza mlangoni?"

"Napumzika," alijibu, akiinyoosha tai yake. "Si ndiyo kazi ya hapa?"

Mjukuu akacheka, akamwingiza ndani. Nyuma ya kioo, mke wa Mwalimu Mkuu alikuwa amelazwa ndani ya mashine kubwa ya kupiga picha za ubongo, nyayo tu zikionekana. Kazi yake ilikuwa kutofanya kazi: alale, atulie, asishughulike na wazo lolote. Kutokana na picha hizo, mjukuu alikuwa akiunda kwenye kompyuta kielelezo cha ubongo wa bibi yake, ubongo wa kuigiza unaojiendesha wenyewe, ili aone sehemu zipi huzungumza na zipi wakati mwenye nao amepumzika.

"Ubongo hauna likizo, Babu. Ukiuambia utulie, ndipo unapoanza kutangatanga."

"Na wa bibi yako unatangatanga kwa nani?"

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Kila baada ya kupigwa picha, bibi huulizwa kwa maikrofoni ni mambo gani yaliyompitia kichwani. Wiki iliyopita Mwalimu Mkuu, akisubiri nje, alilisikia jibu kupitia mlango ulioachwa wazi: "Amekuja tena yule kijana wa shati jeupe." Kisha mkewe akacheka, kicheko chembamba cha msichana. Nyumbani kicheko hicho kilikuwa hakijasikika kwa muda mrefu.

Nyumbani alikuwa na adabu tu. Akipelekewa chai, husema, "Ahsante sana, Mzee, umejisumbua." Hata asubuhi, Mwalimu Mkuu alipoviweka viatu vyake kwenye mwanga wa dirisha na kuvikagua mara mbili kabla ya kuvivaa, mazoea ambayo mkewe aliyafanyia mzaha tangu waoane, siku hizi mkewe alimtazama kimya, kama anayemtazama abiria mwenzake kituoni.

Ni nani, basi? Wivu ulimtafuna mpaka ukamfikisha kwa fundi saa wa mtaani, aliyewahi kumposa mkewe kabla yake.

"Wewe ulikuwa ukivaa shati jeupe ujanani," alimwambia bila hata salamu.

Fundi saa akaondoa lenzi jichoni. "Mwalimu Mkuu, nani hakuwa na shati jeupe? Na mimi nilikataliwa mchana kweupe, shangazi zangu wote wakiwapo. Donda hilo limepona mpaka kovu lake nimelisahau. Lakini saa yako imesimama. Nikutazamie?"

"Saa yangu haijasimama."

Ilikuwa imesimama.

Leo alikuja akiwa ameamua. Asipopewa jina la kijana huyo, mkewe hatalazwa tena ndani ya mashine hiyo, na wakifika nyumbani itabidi achague: ndoa yake au kijana wake.

"Keti, Babu," mjukuu alisema, akamgeuzia skrini. Upande mmoja palikuwa na kielelezo cha ubongo wa mtu mwenye afya wa rika la bibi, nyuzi zake zikiwaka huku na huku kama taa za mji. Upande wa pili palikuwa na cha bibi. "Tazama hapa. Njia nyingi zimefifia. Nimekuwa nikitafuta siku ya kukwambia kwamba..."

"Na hii?" Fimbo ya Mwalimu Mkuu iliuelekea mstari mmoja uliong'aa kuliko yote.

"Hiyo haijaguswa. Hiyo ndiyo huwaka kila anapomtaja..."

"Kijana."

"Babu, nisikilize kwanza."

"Nimesikiliza visingizio vya wanafunzi maisha yangu yote. Muulize jina lake. Sasa hivi, nami nikiwa hapa."

Mjukuu akatazama sakafu, kisha akabonyeza kitufe. "Bibi, tumemaliza. Nini kimekupitia kichwani?"

Spika ikakwaruza. Sauti ikaja changa, imejaa furaha.

"Yule kijana. Amekuja kwetu kuniposa, amenyooka kama rula, shati jeupe pe! Kumbe huku chini amevaa kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia. Baba anajikaza asicheke. Nami nikasema moyoni papo hapo: ni huyu huyu."

Mwalimu Mkuu akaivuta miguu yake taratibu chini ya kiti.

"Jina lake nani, Bibi?"

"Litakuja, limekwama tu. Ila, binti, usimwambie yule mzee anayenileta hapa. Ni mtu mwema, hunichemshia chai, lakini naona ana wivu. Mume wangu akirudi, nitamwomba amshukuru."

Mkono wa mjukuu ukakimbilia kitufe cha kuzima spika. Fimbo ya Mwalimu Mkuu ikauwahi.

"Usizime," alisema. "Wewe bado mtoto. Keti, usikilize."