Vitabu Vitatu kabla ya Ijumaa

"Hiki hapana," alisema Benitha, akikirudisha kitabu mezani. "Huyu anakufa mapema sana."

Hugues alicheka. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akivuka mpaka kila asubuhi kutoka Bukavu na begi la vitabu vikuukuu, akavipanga kando ya soko la Kamembe, upande wa Rwanda, na hakuwahi kusikia mteja akilalamika hivyo.

Alijivunia jambo moja. Mwambie Hugues kwamba mtu fulani anapenda kula nini na hugombana na nani, naye atakuchagulia kitabu cha maisha ya mtu mwingine kinachomfaa. Vyote alivyouza alikuwa amevisoma, maana wateja walikuwa wachache na siku ndefu.

Benitha alitaka vitatu, na alikuwa na haraka. Baba yake, Rutayisire, mbeba mizigo wa zamani wa pale mpakani, alikuwa amefariki Jumatatu. Angezikwa Ijumaa, na yeye, kwa kuwa ndiye aliyemaliza sekondari, alikuwa amepewa kazi ya kusoma maisha ya marehemu mbele ya kaburi. Shida ni kwamba nyumbani watu watatu hawakukubaliana marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Mbaya zaidi alikuwa Mzee Théoneste, baba yake mdogo, ambaye katika mazishi ya mwisho ya ukoo alimkatiza msomaji mara nne mpaka mchungaji akakaa chini. Alikuwa ameshaahidi kwamba safari hii pia, akisikia uongo, atasimama. Benitha hakuwa amelala vizuri tangu aahidiwe hivyo.

Hugues alikisia kwamba alitaka kuwapoza kwa zawadi. Benitha hakubisha.

"Kila muntu kwetu iko na goût yake, kile anapendaka," alisema. "Unisaidie tu, Papa Hugues."

Wakaanza na Théoneste. Mzee huyo alipenda watu wenye ofisi, na kila jambo na tarehe yake. Hata kwenda kunyolewa alivaa koti. Hugues akamtolea maisha ya mkuu mmoja wa posta, kurasa mia tatu na medali mbili, ila akaonya kwamba herufi ni ndogo kwa macho ya mzee.

"Yeye hasomake," alisema Benitha. "Anasikilizaka tu."

Shangazi Nyirahabimana alitaka sala, lakini hakumwamini mtu ambaye hajawahi kujaribiwa. Hugues akamchagulia katekista aliyeacha pombe ukurasa wa kumi na tisa.

"Anarudilia pombe?" aliuliza Benitha.

"Mara moja tu."

"Hiyo itamufurahisha sana."

Akabaki kaka yake Vénuste, ambaye kila hotuba ilimtia usingizi. Huyo alipata maisha ya kipa aliyefungwa mabao tisa, na bado kijiji chake kikambeba mabegani kwa sababu alidhaniwa atafungwa kumi na mawili.

Benitha alivikumbatia vitabu vyote vitatu, kisha akasita.

"Hizi buku, hapa Kamembe kuna muntu mwingine amezisoma?"

Swali hilo lilimchoma Hugues. Hakuna mfanyabiashara anayependa kukiri kwamba bidhaa yake imemdodea.

"Ni mimi peke yangu."

"Basi ni muzuri," alisema Benitha, akacheka kwa mara ya kwanza. Hugues alijua kwamba anachekwa yeye.

Ijumaa alifunga meza mapema akaenda mazishini. Huwezi kuichagulia familia vitabu vya msiba halafu ukabaki sokoni. Alijikuta amesimama ubavuni mwa Mzee Théoneste mwenyewe, ambaye alikuwa ndani ya koti lake, fimbo mkononi, kama mtu anayesubiri filimbi ya kuanza.

Benitha alifungua daftari akaanza kusoma.

Mzee hakukatiza. Iliposomwa jinsi marehemu alivyokataa kutia sahihi karatasi ya uongo mbele ya mkubwa wake, alitikisa kichwa kukubali. "Ni kweli kabisa," alisema. "Nilikuwapo." Shangazi Nyirahabimana alilia iliposomwa jinsi marehemu alivyoitupa chupa ya pombe mtoni. Vénuste, aliyekuwa macho tangu mwanzo, alicheka ndani ya kiganja iliposomwa habari ya mabao tisa.

Hugues hakulia wala hakucheka. Alikuwa akizitambua kurasa za vitabu alivyomuuzia Benitha: sitini na moja, kumi na tisa, mia moja na nne. Sentensi moja tu hakuikumbuka kutoka kitabu chake chochote, ya baba aliyekuwa akirudi kutoka mpakani siku za mvua, akavua viatu nje ya mlango na kuvificha, ili binti yake asione kwamba vimetoboka. Hapo Benitha aliacha kutazama daftari, na Mzee Théoneste akamwinamia Hugues sikioni.

"Hiyo moja," alinong'ona, "ameitunga."