Zikipita Dakika Tano

Msichana alianguka katikati ya ukumbi, kiti kikaenda huku na yeye kule, na mwalimu Leonidas akabonyeza saa yake.

Hakumkimbilia. Alirudi nyuma hatua mbili, akaegemea ukuta, akakunja mikono. Mtihani huu alikuwa ameupanga kwa siri wiki nzima. Mtendaji wa kata alimtafutia msichana mmoja hodari wa kuigiza, jina lake Pendo, wakaelewana kwa simu tu: vijana wa mafunzo yake ya huduma ya kwanza wakishamaliza chai ya saa nne, aanguke kifafa. Sura yake alikuwa hajaiona. Vijana wenyewe walitoka vijiji mbalimbali kuizunguka Shelui, wamekutana asubuhi ile ile, na hakuna aliyemjua mwenzake.

"Jamani, msimguse!" binti mmoja alipiga kelele. "Povu hilo linaambukiza!"

Leonidas alihisi mchomo moyoni. Maneno hayo hayo ndiyo aliyoambiwa yeye akiwa na miaka kumi na minne, akayaamini; yakamzuia siku dada yake Febronia alipoanguka kifafa akiwa jikoni, mkono ukaingia kwenye makaa. Leonidas alibaki ameng'ang'ania mlango akimwita mama, na mama alikuwa kisimani. Hatua tatu tu zingetosha. Hakuzipiga. Febronia alizikwa wiki iliyofuata. Hakuna aliyemlaumu kaka mtu, na hilo ndilo lililomtesa kuliko yote.

Ndiyo maana kwa miaka kumi na sita alizunguka na begi lake la huduma ya kwanza, Mungaa hadi Mitundu, akiwafundisha vijana wa watu kugusa. Yeye mwenyewe, tangu siku ile, hajawahi kumshika mtu aliyeanguka kifafa. Alijiambia ni nafasi tu haijatokea.

"Nani kakudanganya?" kijana mmoja mrefu, Miraji, alimjia juu yule binti. "Si tumefundishwa sasa hivi?"

Akapiga magoti. Akasukuma viti pembeni, akavua sweta lake na kuliweka chini ya kichwa cha msichana. Mtu akaleta kijiko, akafukuzwa nacho. "Mdomoni hakiwekwi kitu!" Hata yule binti mwenye kelele akasogea, akamlegezea mtandio shingoni kwa mikono yake mwenyewe.

Leonidas machozi yalimlengalenga. Laiti angekuwapo Miraji mmoja tu jikoni kwao siku ile! Simu ilitetemeka mfukoni, akaiacha. Na huyu Pendo naye, ama kweli mtendaji hakukosea. Hata povu alikuwa nalo. Bila shaka alificha kipande cha sabuni.

"Mwalimu, dakika tano zimepita," Miraji aliita. "Ulisema zikipita tano ni hospitali. Nikaite gari?"

"Vizuri sana! Gari baadaye. Kundi la pili nao waje wajaribu."

"Wajaribu nini, mwalimu?" Sauti ya Miraji ilianza kukwaruza. "Njoo umwone mwenyewe. Midomo inabadilika rangi."

"Mimi simo," alisema Leonidas kwa furaha, mgongo bado uko ukutani. "Huyo ni mgonjwa wenu."

Kundi la pili likapiga magoti. Msichana aliendelea kutikisika, sasa kwa nguvu ndogo kuliko mwanzo. Amechoka, maskini, Leonidas aliwaza, akaamua kumwongezea soda.

Saa yake ilikuwa inaingia dakika ya tisa mlango wa nyuma ulipofunguliwa polepole. Msichana mwembamba, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi, alinyata kando ya ukuta mpaka kwake, akapiga goti kidogo, akanong'ona:

"Shikamoo, mwalimu. Samahani, pikipiki ilituzimikia njiani. Mimi ndiye Pendo. Nianguke sasa hivi, au niwasubiri kwanza wamalize na huyo dada?"