Anayesema Mama Yupo

Nilichokiona kwanza ni kitufe kilichojibonyeza chenyewe kwenye skrini, bila kidole cha mtu.

Siku hizi mzee asiyefungua ukurasa wa mtaa mtandaoni kila asubuhi na kubonyeza "Nipo" kuonyesha yu hai hufungiwa maji. Vidole vya mama vinatetemeka, nami mambo ya mtandao sikuyajua, basi tulikuwa tunashinda na ndoo tupu. Ndipo wifi yangu Mwanahawa akanifundisha kuandika msimbo, maagizo ya kuifanya kompyuta ibonyeze yenyewe.

"Mimi niliyeishia darasa la nne?"

"Kwani kivinjari kitakuuliza cheti, wifi? Kiambie tu: fungua ukurasa, subiri kitufe, bonyeza."

Sasa maji hutoka kabla mama hajaamka. Wifi, nakushukuru sana. Ila sijawahi kukwambia: kila nikisikia bomba, nakimbilia chumbani kwake kuangalia kama bado anapumua.