Makofi ya Marsby

Ambrose Pickersgill alichungulia upenyo wa pazia kwa mara ya nne. Viti mia nane vya ukumbi wake vimejaa, na watu wengine wamesimama kando ya ukuta.

"Cyril, umegawa tiketi za bure?" akamuuliza mkata tiketi wake, aliyemfanyia kazi miaka thelathini. Ndivyo walivyofanya kila mchezo ulipodorora.

"Hata moja, bosi. Wamekuja wenyewe."

Alifurahi jamani! Ila miguu haikutulia. Tangu ujana wake alikuwa akiwaletea watu wa Marsby michezo ya kuigiza; sasa, ana miaka sitini na moja, alitaka kitu kimoja tu: kiti cha Bunge kule London. Na mpinzani wake alikuwa nani? Hobday, muuza makaa ya mawe. Yule akihutubia, hata paka wanasinzia.

Akatoka jukwaani. Akahutubia, akatania, akaimba kidogo. Watu walicheka mpaka machozi.

"Usituache, Ambrose!" mama mmoja akapiga kelele.

Kura hiyo, Ambrose akajiambia.

Siku tano zilizobaki kabla ya uchaguzi hakukaa chini. Mayai yalipoa, chai ikapoa, yeye anazunguka meza tu. Aliyemtuliza ni mkewe, Winifred. Kila alasiri mama huyo alivaa kofia, akachukua orodha ya wapiga kura, akaenda kubisha hodi mlango kwa mlango. Mvua haikumzuia. Alirudi viatu chapachapa.

"Wanasemaje, Winnie?"

"Wanakupenda mno, mpenzi. Kunywa chai."

Ijumaa asubuhi kura zikahesabiwa. Hobday, elfu kumi na tisa. Pickersgill, mia sita na tatu.

Ambrose akatoka nje uso umemshuka. Watu wakamzunguka wakimpigia makofi na kumkumbatia, wakiuliza Krismasi atawaletea mchezo gani. Alichanganyikiwa kabisa. Akamvuta Cyril pembeni.

"Hawa wana wazimu? Mapenzi yote haya, kura hawanipi! Wewe je, ulinipa?"

Cyril akavua kofia. "Nisamehe, bosi. Nilimpa Hobday."

"Wewe, Cyril? Wewe?"

"Ningefanyaje? Bi Winifred alikuja mlangoni kwangu analia. Akasema ukienda London hutarudi, akaniomba nisikupigie kura. Na kwenye orodha yake nilikuwa nimebaki mimi tu."