Sahihi ya Mama Mkwe

Karani alimrudishia Zamaradi karatasi zake bila kuzigonga mhuri. Hangeweza kuthibitishwa kuwa hana mume, akaolewe ng'ambo, mpaka ndugu wa damu aape kwamba Shamte, mumewe aliyepotelea machimboni miaka tisa iliyopita, amekufa. Na ndugu aliyebaki alikuwa mama yake Shamte tu.

Zamaradi akampigia magoti mama mkwe wake, hati ya kiapo mkononi.

“Mama, viza inakwisha kesho. Nakusihi.”

“Nimzike mwanangu kwa kalamu?”

“Na mimi je, mama? Nizikwe ningali hai?”

Bibi alilia. Akaichukua kalamu, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake, kisha akaugeukia mlango, akisikiliza, kama alivyofanya tangu Shamte apotee.