Kata ya Maji

Kila mwaka, nje ya lango, watu wa mji mmoja waliigiza siku babu yao wa kwanza alipofika na kiu, wenyeji wakampa maji. Mwaka huu Bi Somoe, aliyeshika kata, alimwona mwanamume mwenye vumbi hadi kwenye kope, furushi begani, akamnywesha. Vigelegele vikapigwa.

Mara mwigizaji mwenyewe akatokea akihema, ndevu zake za pamba zimepinda. "Jamani, mbona hamkunisubiri?"

Watu wakamgeukia yule mwenye vumbi. Yule aliyekunywa alikuwa mkimbizi kweli, na wiki nzima mlinzi wa lango alikuwa akiwarudisha wakimbizi.

"Mama, niondoke?" mgeni akauliza.

"Uende wapi, baba, na maji yetu tumboni?" Bi Somoe akacheka. "Wewe babu wa pamba, mpokee furushi lake!"

Ngoma ikaelekea langoni, mgeni akiwa katikati. Mlinzi alikaza fimbo mkononi, lakini mabega yake yalikwisha kuanza kucheza.